"Nishukishe Russia": Mabalozi, Hospitali na Damu ya Kisumu



Ndugu msomaji, ukipanda matatu ya kwenda Kondele hapa Kisumu ukamwambia kondakta, "Nishukishe Russia," hatakuuliza maswali. Atakushukisha kwenye lango la Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga. Wengi wetu tulizaliwa pale, na wazee wetu wengi walifia pale. Lakini ni vijana wangapi wanaojua jina hilo lilitoka wapi? Hebu tukae kidogo baada ya futari tuisome historia hii, kwani ndani yake mna somo juu ya kazi ya balozi, na somo hilo latuhusu sote.

BALOZI NI NANI?

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Balozi hasemi lake, husema la aliyemtuma. Akifika nchi ya watu hupeleka hati zake kwa mkuu wa nchi, kisha huwa jicho na ulimi wa kwao. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unasema balozi hakamatwi. Akikosea, hufukuzwa tu arudi kwao.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Mtume wetu (s.a.w.) alimtuma Mus'ab bin Umair (r.a.), kijana mbichi, kwenda Yathrib kufundisha dini kabla ya Hijra, na kwa upole wake mji ukafunguka. Naye Harith bin Umair al-Azdi (r.a.) alipouawa njiani akiwa amebeba barua ya Mtume, jeshi la Waislamu likatoka kwenda Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria. Mjumbe ni amana kubwa kiasi hicho.

MABALOZI WAWILI JIJINI NAIROBI

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wakati huo dunia ilikuwa imegawanyika pande mbili, Marekani na wenzake upande mmoja, Urusi ya Kisovieti na wenzake upande wa pili. Kila upande ulitaka rafiki Afrika. Mwaka 1964 Marekani ikamleta William Attwood, mwandishi wa habari aliyekuwa amewahi kuwa balozi Guinea. Wasovieti wakamleta Vladimir Lavrov.

Mwaka huohuo Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alikwenda Moscow. Miongoni mwa misaada iliyokubaliwa ilikuwa hospitali mpya ya kujengwa Kisumu. Ndiyo hii ya leo.

Lakini urafiki wa wakubwa una bei yake. Aprili 1965 meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilitia nanga Mombasa ikiwa na silaha. Mzee Kenyatta akazikataa. Machi 1966 baadhi ya wanadiplomasia na waandishi wa habari wa nchi za Mashariki wakafukuzwa. Mwezi uliofuata Jaramogi, aliyekuwa sasa Makamu wa Rais, akajiuzulu na kuongoza chama cha KPU. Attwood naye aliondoka mwaka huo, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona Kenya. Serikali ikakipiga marufuku.

Huku nyuma, hospitali ilikuwa inapanda tofali kwa tofali.

TAREHE 25 OKTOBA 1969

Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka ule, na Nyanza nzima ilikuwa na kilio. Ndipo Mzee Kenyatta akaja Kisumu kuifungua hospitali rasmi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache kuingia Ramadhani. Maneno makali yakarushwa baina yake na Jaramogi mbele ya umma, mawe yakarushwa, na walinzi wakafyatua risasi kwa watu, pale na kando ya barabara msafara ulipokuwa ukiondoka. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Watu wa Kisumu wamesema siku zote kuwa walikuwa wengi zaidi. Siku chache baadaye Jaramogi akawekwa kizuizini na KPU ikapigwa marufuku.

Tazameni ajabu, ndugu zangu. Nyumba iliyojengwa kutibu majeraha ilifunguliwa kwa majeraha. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, zawadi ya balozi si bure, ina mkono nyuma yake. Lakini jema likishafanywa ni jema. Urusi ya Kisovieti ilivunjika mwaka 1991, mabalozi wale wamekwisha kwenda zao, na wodi zile bado zinapokea wagonjwa. Kina mama wanaofika usiku na watoto wenye malaria hawaulizwi dini wala kabila wala chama.

Pili, anayebeba ujumbe achunge ulimi wake. Kijana wa Kaloleni, wa Manyatta, wa Nyalenda, wewe nawe unabeba maneno kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kila siku, hasa nyakati za uchaguzi. Ukiongeza chumvi, risasi haitampata mkubwa aliyesema. Itampata jirani yako.

Tatu, tukipita pale Russia tuwakumbuke waliokufa, na tumzuru mgonjwa mmoja angalau katika mwezi huu mtukufu. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na ndiyo ubalozi tunaouweza sote.

Allah (S.W.T.) atutakabalie saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, na aulinde mji wetu na fitina. Amin.

Wabillahi tawfiq.