Mizimu Isiyo na Namba ya Chumba

Boma la Mikindani, kusini mwa pwani ya Tanzania, lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, juu kidogo ya ghuba, kuta nene za mawe na chokaa, mnara pembeni, ua katikati. Leo ni hoteli. Shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lililikuta likibomoka, likaanza kulifufua mwishoni mwa miaka ya 1990. Sasa mgeni analala kwa raha palepale ambapo mwenyeji wa zamani aliingia akiwa na hofu ya kodi, viboko au kifungo. Jengo la namna hii lingekuwa Marekani, lingekwisha kupewa mzimu wake siku nyingi: mzimu wenye jina, wenye chumba chake, na wenye bei.

Boma hili sijawahi kuliona likitangazwa kwa mzimu. Hutangazwa kwa mandhari ya ghuba na ukale wa kuta zake. Si kwamba sisi wa ukanda huu, kuanzia ghubani mpaka Kitaya kwenye ukingo wa mto Ruvuma, tumekosa mizimu. Tunayo, tena ya kila aina. Ila haikai hotelini, na haijawahi kukubali kukodishwa.

Tuwatazame kwanza wenzetu wanavyofanya. Kule Estes Park, jimbo la Colorado, kuna Stanley Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1909 na F. O. Stanley, tajiri wa magari ya mvuke. Mwaka 1911 gesi ililipuka humo ikamjeruhi mtumishi wa vyumba. Hakufa, alipona akaendelea na kazi. Lakini mwaka 1974 mwandishi Stephen King alilala chumba namba 217, akaondoka na wazo la riwaya yake The Shining, iliyotoka mwaka 1977, na tangu hapo chumba hicho kinagombewa. Mtumishi yule, aliyeponea chupuchupu, sasa anasemwa kuwa hutandika vitanda vya wageni usiku. Hata kaburini hakuachiwa likizo.

Crescent Hotel ya Eureka Springs, Arkansas, ilifunguliwa mwaka 1886. Mwaka 1937 ilinunuliwa na Norman Baker, mtangazaji wa redio asiye daktari, akaigeuza hospitali ya saratani na kuwauzia wagonjwa maji ya dawa yasiyoponya kitu. Mwaka 1940 alihukumiwa kwa udanganyifu, na kosa lililomfunga lilikuwa kutumia posta kutapeli. Leo wageni hulipa kiingilio wateremshwe mpaka chumba chake cha maiti.

Kuna nyumba nyingine inayotugusa zaidi: Myrtles, huko St. Francisville, Louisiana, shamba la zamani la watumwa ambalo sasa hupokea wageni wa kulala. Mzimu wake maarufu ni mtumwa wa kike aitwaye Chloe. Wanasema alikatwa sikio, akafunga kilemba kuficha kovu, akawatilia sumu watoto wa bwana wake. Watafiti walipopekua kumbukumbu za shamba hawakumkuta Chloe yeyote. Wengi walioishi na kufa utumwani mle ndani hawaulizwi, na asiyekuwapo ndiye anayepigwa picha. Mwanahistoria Tiya Miles aliandika kitabu kizima juu ya biashara hii ya mizimu ya watumwa, kikatoka mwaka 2015. Nikisoma habari hizo huwa naifikiria Mikindani.

Maana Mikindani nayo ina deni la aina hiyo, na tarehe yake haihitaji kutiwa chumvi.

Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa ikileta pembe na watu. Wengi walipelekwa Kilwa Kivinje, wengine Lindi, wengine wakatokea Mikindani. Pwani hiyohiyo ilichimbwa sandarusi, ambayo Wamarekani waliitaka sana kwa kutengenezea vanishi. Mkataba wao wa biashara na Sultani Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja. Alitoka Salem, Massachusetts, mji ambao mwaka 1692 uliwanyonga watu 19 kwa uchawi na kumkandamiza mmoja kwa mawe mpaka akafa, na ambao leo unaishi kwa kuuza habari hizo. Wana hata hoteli yao yenye sifa ya mizimu, Hawthorne, ya mwaka 1925. Meli za Salem zilileta vitambaa vya merikani na kuondoka na pembe na sandarusi. Nyumba inayotajwa kuwa ya ubalozi huo, pale Shangani, nayo ni hoteli siku hizi, hoteli ya Tembo. Watu huiendea kwa ajili ya bahari.

Machi 1866 David Livingstone alijaribu kuteremsha wanyama wake kwenye mdomo wa Ruvuma, mikoko ikamshinda, akaingia ghuba ya Mikindani. Alikuwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, akitaka kujua kama wangestahimili mbung'o. Hawakustahimili. Kutoka hapo alikwenda kusini mpaka bonde la Ruvuma, kisha akaufuata mto kuelekea bara. Hiyo ndiyo safari yake ya mwisho, ile ambayo watumishi wake Chuma na Susi walirudi nayo wakiubeba mwili wake. Mikindani ipo nyumba yenye kibao cha jina lake, ingawa wengi wanaona jengo lenyewe limejengwa baada yake. Kwa hiyo mzungu tumeshampa nyumba ambayo huenda hakuilala. Waliopitishwa na minyororo njia hiyohiyo hawana hata kibao cha kubahatisha.

Mwaka 1873 soko la watumwa Unguja lilifungwa. Mwaka 1888 pwani nzima iliwaka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na mawakala wake wa Lindi na Mikindani wakakimbilia baharini. Mei 1890 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alikuja na askari wa kukodiwa akaitwaa tena miji ya kusini. Machemba, mkuu wa Wayao kwenye uwanda wa Makonde, alimwandikia barua ya Kiswahili kumkatalia utii, akaendelea kukataa mpaka mwaka 1899, alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Boma lilisimama katikati ya miaka hiyo ya ukaidi, na hiyo ndiyo sababu ya unene wa kuta zake.

Basi mizimu iko wapi?

Huku kwetu pepo hapandi ukuta, hupanda mtu. Aliyepandwa huitwa kiti. Fundi humfukiza ubani na udi, ngoma ikapigwa usiku kucha, mpaka pepo aseme jina lake, kabila lake, alikotoka na anachotaka. Unguja wapo kibuki, waliotoka Bukini, yaani Madagaska, na wanaopenda brandi, wapo Wahabeshi, na pwani ya bara yupo hata Mmasai. Anayetaka kulijua daftari la wageni waliowahi kufika pwani hii, akalisome ngomani. Pepo akishajitaja hudai vitu vyake: kanga ya rangi fulani, pete, sinia lenye vinono. Anapewa. Tofauti yetu na Colorado iko hapo. Kule mtu hulipa ili aogopeshwe na mzimu. Huku mzimu ndiye mgeni, na ndiye anayelipwa ili atulie.

Na asiyekaa kichwani mwa mtu hukaa mahali pasipojengwa: mbuyu, pango, kisima, jabali la baharini. Wayao walimwaga unga chini ya mti wa msolo kwa ajili ya wahenga wao. Wamakonde humleta mzimu uwanjani mchana kweupe, katika ngoma ya midimu, amevaa kinyago, akicheza kushangilia vijana waliotoka jandoni. Anatisha, watoto wanakimbia, kisha wanarudi kumchungulia. Miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alianza kuwachonga mashetani katika mpingo, macho upande, viungo vimejikunja, na umbo hilo likasafiri mpaka sebule za Ulaya. Nadhani huo ndio mzimu pekee tuliowahi kuuza kwa jumla.

Yupo mmoja aliyevamia vyumba kweli, naye alivitoa watu badala ya kuvijaza. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu kurudishwa vyama vingi, pepo aitwaye popobawa aliwatisha watu wa Pemba, kisha Unguja. Familia nzima zilihamia nje, zikalala kwa makundi kando ya moto. Mwenye hoteli gani angemtaka huyo?

Bonde la Ruvuma nalo lina hofu yake, nayo ina manyoya. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania, wengi wao kusini-mashariki, katika ukanda wa Lindi, Mtwara na Rufiji. Wataalamu walieleza kisa chake: nguruwe pori hushambulia mashamba wakati wa mavuno, mkulima analazimika kulala dunguni kuyalinda mazao, simba humfuata nguruwe, akamkuta mtu. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini jirani akichukuliwa usiku, na wa pili yake akachukuliwa wiki ileile, watu wa pande zote mbili za mto husema huyo si simba wa porini, huyo ametumwa. Kwenye uwanda wa Mueda, ng'ambo, imani hiyo imeandikiwa vitabu. Mara nyingine shaka hiyo imewaua wazee wasio na hatia, na kwa hilo siwezi kuisifu hata kidogo.

Turudi kwenye miaka. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wareno waliitwaa Kionga, kipande kidogo kusini ya mdomo wa mto ambacho Wajerumani walikinyakua mwaka 1894. Wakajaribu kuvuka Ruvuma, wakapigwa. Wakavuka tena Septemba, wakafika Newala, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamefukuzwa. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, naye alivuka kwenda kusini, kule Ngomano, na msururu wa wapagazi nyuma yake. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi, na wengi hawakuandikwa popote.

Kisha Waingereza wakaleta karanga. Mpango wao ulianza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Kwa ajili yake ilichimbwa bandari mpya ya Mtwara na kutandikwa reli mpaka Nachingwea. Bandari ilibaki, na ikaimalizia Mikindani biashara yake. Reli ilifungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Mtafuta mzimu wa majengo kusini mwa nchi hii angeanzia kwenye tuta la reli hiyo, si kwenye boma.

Kuanzia mwaka 1964 mto ulikuwa mpaka wa vita vya FRELIMO, na vijiji vya ukingoni viliishi na mizinga ya Wareno kwa miaka kumi. Wanajeshi wa JWTZ waliokufa kwa ajili ya Msumbiji wamezikwa Naliendele, nje ya mji wa Mtwara. Pale ni mahali pa mashada na gwaride, na sijapata kumsikia mtu akipasimulia kwa kutisha wenzake.

Juu zaidi ya mto Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, na kwa muda Ruvuma ilionekana kama mto tu. Halafu, tarehe 14 Oktoba 2020, kundi la wapiganaji kutoka Cabo Delgado lilivuka usiku likaivamia Kitaya. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, alisema wavamizi walikuwa kama 300. Mwandishi wa hoteli za Marekani angekwisha kuona hapo hadithi ya kuuza, mashamba ya mpunga, mto wenye mamba, magofu meusi. Huku hakuna anayeisimulia hivyo. Waliokufa wana ndugu wanaowaombea kwa majina yao, na mtu akipita penye nyumba iliyoungua huuliza mwenyewe amekwenda wapi, na kama atarudi kabla ya msimu wa kulima.