Jinsi ya Kupiga Wembe Mkandani na Mkono Usiouzoea Bila Kuharibu Ngozi

Kama mkono wako wa kulia umeumia, ama wewe ni wa kushoto na kila mtu anakufunza vitu kwa kulia, hii ni yako. Mimi nilijifunza juu ya guka. Alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Alipotoka hosi, kitu ya kwanza kuuliza ilikuwa wembe wake. Si chakula.

Mkanda hufanya nini?

Tunaongea juu ya wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini. Jiwe ndilo hunoa, linakula chuma. Mkanda wa ngozi unanyoosha tu ncha ya makali, ile nyembamba sana hujipinda ukinyoa. Ndio maana jiwe ni mara moja moja, lakini mkanda ni kila mara kabla ya kunyoa.

Sheria kubwa

Mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata. Ukitanguliza makali, unakata ngozi. Wembe ulale kabisa, mgongo na makali vyote viguse mkanda. Usikandamize, uzito wake unatosha. Na kama mkanda unaning'inia, uvute ukaze. Ukilegea, makali yanakuwa duara.

Ngori iko kwa kugeuza

Wengi hudhani kazi ni kusukuma. Zii. Ukifika mwisho wa mkanda, wembe unabingirika juu ya mgongo wake: mgongo unabaki kwa ngozi, makali yanapanda juu na kulala upande ule mwingine. Mkono uliozoea hufanya hii na vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Mkono mgeni unapinda kiwiko na kila kitu, mgongo unainuka, ngozi inachanika. Mkanda wa guka uko na makovu mawili ya wiki ya kwanza. Moja ni yangu, nikijifanya namuonyesha.

Anza hivi

1. Chukua kisu butu cha kupaka siagi. Kibingirishe kati ya vidole huku na huku ukiwatch mechi. Hakuna ngozi bado.
2. Kipeleke kwa mshipi wako mzee wa ngozi. Sukuma, simama, geuza, rudi. Hiyo ni moja.
3. Sasa shika wembe. Piga kumi za polepole. Kumi safi zinashinda hamsini za mbio. Ukizoea, panda hadi 30 ama 50.
4. Kama mkanda ni mwembamba kuliko wembe, anza na sehemu iliyo karibu na mpini, umalizie kwa ncha. Mkono wa kulia huteleza ukielekea kulia, wa kushoto huelekea kushoto. Hapa ndipo video nyingi hupoteza watu wa kushoto.
5. Mkono ule mwingine hauwezi kuvuta mkanda? Gundisha ngozi juu ya ubao ulionyooka, weka kitambaa chini usiteleze. Guka hutumia hii.

Usijaribu makali na kidole gumba. Jaribu kwa nywele za mkono.

Usafi

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Damu kidogo tu inaweza kupitisha HIV ama homa ya ini aina ya B. Ndio maana kinyozi mzuri hufungua wembe mpya ukimuona. Guka ana wake, mimi nina wangu. Ukimaliza kunyoa, osha na ukaushe kabisa kabla ya kukunja.

Ilimchukua guka karibu miezi miwili kufika ishirini bila kuinua mgongo. Kunyoa bado ni mimi, mkono wa kushoto haujafika hapo. Lakini kila Jumapili asubuhi ananipatia wembe ukiwa tayari, na nikigusa huo ubao ananiambia niache, hiyo ni kazi yake.