Kompyuta imesema sawa, je paa linasemaje?

Leo tuangalie kompyuta kwenye kazi za ujenzi: zinasaidia nini kupanga na kuamua, na zinaponza wapi. Nyie mnaosoma uhandisi, hii inawahusu moja kwa moja.

KAZI ZAKE

Ratiba. Mwaka 1957 kampuni za DuPont na Remington Rand za Marekani zilianza kutumia kompyuta ya UNIVAC kupanga kazi za ujenzi wa viwanda. Swali lao lilikuwa rahisi: kazi ipi ikichelewa siku moja, mradi mzima nao unachelewa siku moja? Hiyo ndiyo ya kuwekea watu na hela kwanza. Programu kama Primavera na Microsoft Project zinafuata wazo hilohilo.

Michoro. AutoCAD ilitoka 1982. Baadaye zikaja programu za BIM, ambapo jengo zima linajengwa kwanza ndani ya kompyuta. Bomba likigongana na boriti unaliona kabla zege halijamwagwa. Kuhamisha bomba kwenye skrini ni dakika tu, kutoboa zege lililokauka ni hela nyingine. Uingereza ililifanya hili lazima kwa miradi ya serikali kuu mwaka 2016.

Mahesabu ya uimara. Hapa ndipo penye kasheshe.

PAA LA HARTFORD

Mji wa Hartford, Marekani, ulijenga ukumbi mkubwa wa michezo. Paa lake lilikuwa wavu wa vyuma wa takriban mita 91 kwa 110, na wabunifu walitegemea kompyuta ili vyuma vipungue na gharama ishuke. Paa liliunganishwa likiwa chini, kisha likainuliwa 1973.

Dalili zilianza mapema. Likiwa bado chini, wakaguzi waliona limebonyea kuliko ilivyotarajiwa. Lilipoinuliwa, lilibonyea karibu mara mbili ya makadirio. Wahandisi wakajibu kuwa tofauti kama hiyo ni ya kawaida. Mafundi wa paneli za pembeni nao wakakuta matundu hayakutani. Wakaambiwa wamalizane nayo, basi wakakata na kuchomelea upya. Ukumbi ukafunguliwa 1975.

Tarehe 18 Januari 1978, kama saa 10 na robo alfajiri, theluji ikiwa imejaa juu, paa lote likaanguka. Saa chache kabla, watu wapatao 5,000 walikuwa humo wakiangalia mpira wa kikapu. Hakuna aliyeumia, ila ni bahati tu wadau.

Uchunguzi ulionyesha kuwa mahesabu yalichukulia vyuma vya juu vimeshikiliwa katikati visijikunje, kumbe vile vya pembezoni havikushikiliwa vya kutosha. Uzito wa paa lenyewe nao ulikadiriwa pungufu kwa karibu asilimia 20. Kwa maneno mengine, kompyuta ilipiga hesabu sahihi ya jengo ambalo halikuwepo.

NORWAY NAYO

Msidhani ni mambo ya kompyuta za zamani tu. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa mtambo wa baharini wa Sleipner A ulizama karibu na Stavanger wakati wa majaribio. Programu hugawa ukuta katika vipande vidogo ili ukokotoe nguvu. Pale vipande vilikuwa vikubwa mno, na nguvu ya kukata ukuta ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Hasara ilifika kama dola milioni 700.

TUONDOKE NA NINI?

1. Kabla ya kuamini jibu la programu, piga hesabu fupi kwa mkono. Yakipishana sana, simama.
2. Uliza programu imechukulia nini. Nani kasema chuma hiki kimeshikiliwa? Nenda saiti ukakiangalie.
3. Saiti ikipingana na skrini, saiti ndiyo jengo lenyewe. Pima upya, kazi isubiri.
4. Fundi akisema matundu hayakutani, hiyo ni taarifa. Iandikwe, mhandisi aijibu kwa vipimo.

Kompyuta haisaini mchoro wala haiendi mahakamani. Anayesaini ni mtu, na watakaokaa chini ya hilo paa ni watu.

Wadau mlioko saiti, huko kwenu fundi akiona kitu hakikai sawa anasikilizwa? Nawasilisha.