RANDA KUUKUU NA JINA LA FUNDI: Kisa cha Cesar Chelor wa Wrentham

1. Utangulizi

Historia ya kazi za mikono huandikwa mara nyingi kwa jina la mwenye karakana, si kwa jina la yule aliyeshika chombo. Na pale ambapo aliyeshika chombo alikuwa mtumwa, nyaraka humtaja kama sehemu ya mali ya bwana wake. Makala haya yanaeleza kisa ambacho ndani yake chombo chenyewe, yaani randa ya mbao, kiliokoa jina la fundi. Yanaeleza pia kwa nini wazee wastaafu wa Marekani wanaokarabati randa kuukuu wameshika mikononi mwao hati ya historia, na kwa nini mkono usio na subira unaweza kuifuta hati hiyo.

2. Chombo chenyewe

Neno randa asili yake ni Kiajemi, na Kihindi nacho kinalo. Ni moja katika maneno ya useremala yaliyovuka Bahari ya Hindi. Chombo kinachotajwa ni cha kale sana. Randa za Warumi zimefukuliwa Pompeii, na pia Silchester huko Uingereza, nazo seremala wa leo angezitambua mara moja: mwili, mdomo, bapa la chuma lenye makali, na kabari ya kulikaza.

Katika karne ya 18 ilienea sana randa ya nakshi. Tumbo lake huchongwa kwa umbo maalumu, na bapa hunolewa lifuate umbo hilo, ili kingo za milango, madirisha na makabati zipate mapambo. Kila umbo lilidai randa yake. Kwa hiyo seremala mmoja aliweza kumiliki makumi. Mwenye kuzitengeneza aligonga mhuri wa jina lake kwenye uso mdogo wa mbele, mahali ambapo mbao imekatwa kukingama nyuzi zake.

3. Mtumwa aliyepata mhuri

Fundi wa randa wa kwanza anayejulikana kwa jina katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika ni Francis Nicholson wa Wrentham, katika Massachusetts. Mhuri wake ulitaja jina lake na kuongeza kwamba anaishi Wrentham. Katika nyumba hiyo alikuwamo mtu mweusi, Cesar Chelor, aliyekuwa mali ya Nicholson na aliyejifunza ufundi kwake.

Nicholson alifariki mwaka 1753. Kwa wasia wake alimwacha Chelor huru, akampa kitanda chake, sanduku na nguo zake, meza yake ya kazi, vifaa vya useremala, patasi, na shamba la ekari 10. Tangu hapo Chelor alifanya kazi kwa nafsi yake hadi kufa kwake mwaka 1784, mwaka mmoja tu baada ya mahakama ya Massachusetts kutamka kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo hilo.

Randa zake nyingi zilichongwa kwa mti wa nchi za baridi uitwao betula, kama zile za bwana wake, nazo zina urefu wa karibu sentimita 25. Lakini lililo muhimu ni mhuri. Chelor alichukua muundo ule ule wa maneno: jina lake, kisha habari kwamba anaishi Wrentham. Kwa Nicholson maneno hayo yalikuwa tangazo la biashara. Kwa Chelor yalikuwa na uzito mwingine, kwa kuwa mtumwa haishi mahali kwa hiari yake, huwekwa. Kitenzi kimoja, kikiwa katika kinywa cha watu wawili, hakikusema jambo moja.

4. Kutupwa na kuokotwa

Randa za mbao zilishindwa na za chuma katika karne ya 19. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley, ya New Britain katika Connecticut, ilinunua haki za uvumbuzi wa Leonard Bailey, ambaye alikuwa amebuni namna ya kurekebisha bapa kwa skrubu badala ya kugonga kabari. Baadaye mashine za umeme ziliiondoa hata randa ya chuma katika karakana nyingi. Randa za kale zikabaki darini na katika mabanda, zikiliwa na wadudu na kutu.

Walioziokota ni wakusanyaji, ambao mwaka 1933 waliunda chama cha kuchunguza ufundi wa kale wa Marekani, kisha kingine mwaka 1968 katika majimbo ya kati. Wengi wa wapenzi wa kazi hii ni wastaafu. Sababu yake si ngumu kuiona: kukarabati randa hudai muda na mkono uliozoea chombo, navyo ni vitu anavyobaki navyo mtu aliyemaliza utumishi wake.

5. Mhuri na msasa

Kazi huanza kwa kulegeza kabari kwa nyundo ya mbao, kutoa bapa, kuondoa kutu, kulinoa juu ya jiwe, na kuulisha mti mafuta ya mbegu za kitani. Hapo ndipo wakarabati hugawanyika. Wengine husema randa iliumbwa ifanye kazi, na isiyokata ni kuni. Kwa hiyo huipiga msasa hata ing'ae. Wengine hujibu kwamba weusi wa mikono ya kale, na mihuri ya wamiliki waliofuata, ni maelezo ya maisha ya chombo.

Hoja ya kwanza ina haki yake, maana makali yanaweza kurudishwa bila kudhuru kitu. Lakini herufi za mhuri zina kina kidogo sana. Mapigo machache ya msasa kwenye uso wa mbele yatosha kumrudisha Chelor katika kundi la mafundi wasio na jina, na hakuna mafuta yatakayomtoa humo tena.

6. Hitimisho

Wasomaji wa hati za tenzi wanaujua msiba wa namna hiyo. Watunzi wengi walitaja majina yao karibu na mwisho wa utenzi. Mchwa wakila ukurasa huo, utenzi hubaki na mtunzi hupotea. Wasia wa Nicholson unatuambia alichokitoa bwana. Mhuri unatuambia alichokisema Chelor mwenyewe alipoweza kusema. Watafiti wa historia ya kazi katika Kongo, ambako mafundi wengi hawakuacha maandishi, wana sababu ya kuvigeuza vyombo vya kale na kutazama mipini na pembe zake kabla havijasafishwa.