Uwiano wa Gia na Gia Nyepesi ya Mlimani

Uwiano wa gia katika baiskeli ni hesabu inayopatikana kwa kugawa idadi ya meno ya sproketi (duara la chuma linaloshika cheni) ya mbele kwa meno ya sproketi ya nyuma. Meno 44 mbele na 18 nyuma hutoa uwiano wa takribani 2.4: pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu. Barabara ikiwa tambarare uwiano huo ni faida. Kwenye mlima mkali miguu hushindwa, na mwendeshaji hulazimika kushuka na kusukuma.

Neno uwiano limetoka katika hisabati na halina utata. Utata umo katika majina ya gia zenyewe. “Gia ndogo” na “gia kubwa” humchanganya mwanafunzi, kwa sababu sproketi ya nyuma iliyo kubwa kuliko zote ndiyo inayotoa uwiano mdogo kuliko wote. Haijulikani kinachotajwa ni ukubwa wa chuma au wa hesabu. Gia nyepesi na gia nzito hutaja kile ambacho mguu unakisikia kwenye pedeli, hivyo ndizo zinazostahili kuingia vitabuni.

Wepesi huo hupimika. Gurudumu la inchi 29 likizunguka mara moja husonga karibu mita 2.3. Meno 32 mbele na 50 nyuma hutoa uwiano wa 0.64, yaani mita 1.5 hivi kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, mwendo ni kama kilomita 5 kwa saa, sawa na wa mtu anayetembea kwa haraka, lakini miguu haikwami.

Wepesi huo haukuwapo tangu mwanzo. Vijana wa Marin County, California, walioshuka Mount Tamalpais kwa baiskeli kuukuu miaka ya 1970, wengi walikuwa na gia moja tu. Kupanda walisukuma au walipakia baiskeli kwenye gari. Baadaye baiskeli za mlimani zikawa na sproketi tatu mbele. Iliyo ndogo kuliko zote, yenye meno 22, ikikutana na meno 34 ya nyuma ilitoa 0.65. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ilitoa mfumo wa XX1 wenye sproketi moja tu mbele na 11 nyuma, na mwaka 2016 sproketi kubwa ya nyuma ikafikia meno 50. Wepesi ukarudi palepale, huku kifaa cha kuhamisha cheni cha mbele, waya wake na swichi yake vikiondolewa. Vitu vitatu vya kujaa matope na kupotea marekebisho vilipungua.

Si lazima kununua mfumo wa gharama kubwa ili kuupata wepesi huo. Sproketi ya mbele ya meno 28 na seti ya sproketi 10 za nyuma inayoishia kwenye meno 46 hutoa 0.61, nyepesi kuliko 32 kwa 50. Kinachopotea ni kasi: kwa meno 28 mbele na 11 nyuma, mizunguko 80 kwa dakika haivuki sana kilomita 28 kwa saa. Tena sproketi ndogo ya mbele huvuta cheni kwa nguvu zaidi na meno yake huisha mapema. Kwa anayepanda milima hasara hizo ni ndogo. Kabla ya kulipa, ahesabu meno ya mbele na ya sproketi kubwa ya nyuma, kisha agawe ya mbele kwa ya nyuma: jibu likizidi 0.7, aombe sproketi ya mbele iliyo ndogo zaidi.