Mwendo huamuliwa na mzigo

Katika jambo la mwendo lugha yetu ina ndimi mbili. Mmoja atakwambia haraka haraka haina baraka. Mwenzake atamjibu kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wapo wapendao mbio na wapo wapendao taratibu, na kila upande huuona mwingine umepotea. Juma hili tuipeleke hoja hii kusini, Masasi na Newala, tusikie historia inasemaje.

Anayesimama Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huona ardhi ikikatika ghafla miguuni pake na bonde la Ruvuma likitandaa mbele. Huko juu mvua hunyesha, lakini udongo huyanywa maji upesi. Chemchemi zimo mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka na mitungi mitupu, wakapanda na mitungi iliyojaa. Wakati wa kushuka, msichana aliweza kukimbia akipenda, na mama mtu mzima kwenda pole akipenda. Wakati wa kupanda hiari hiyo ilikwisha. Aliyeharakisha alimwaga maji, na aliyemwaga alirudi chini.

Tuone na Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, waliiona nchi ni njema, wakaomba wabaki hapo, naye askofu akakubali. Utumwani walikuwa wamekwenda kwa mwendo wa mwenye mjeledi. Safari hii walisimama walipotaka wenyewe.

Kisha ikaja haraka ya serikali. Mwaka 1947 Uingereza, yenye uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Nachingwea, jirani ya Masasi, ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa. Matrekta yaliletwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilikosa mizigo, na mapema katika miaka ya 1960 ikafungwa, mataruma na vyuma vikang'olewa.

Je, basi waendao pole ndio wenye haki? Hapana. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ulianza kuyapandisha maji kwa pampu kutoka bondeni. Mama aliyefikiwa na bomba hakuulilia mwendo wa pole wa mtelemko. Pole ile haikuwa hekima yake. Ilikuwa uzito wa mtungi.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kabla ya kumsifu mwenye mbio au kumcheka mwenye kuchelewa, tutazame kwanza nani kabeba nini. Waliopanga karanga zile London hawakuwa na mtungi kichwani, ndiyo maana hawakuogopa kumwaga. Anayebeba ndiye aulizwe mwendo. Na penye bomba, itunzwe pampu, maana siku inapoharibika, mteremko wa Newala uko pale pale.