Kabureta, Vumbi na Mwinuko: Historia Fupi kutoka Upande wa Buzwagi



Mtu akitaja Buzwagi, watu hufikiri dhahabu. Si ajabu. Mgodi ule, kilomita chache tu kutoka mjini Kahama, ulifunguliwa mwaka 1009+1000, yaani 2009, tukaona malori makubwa kama nyumba, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Hayo yamekwisha kuandikwa na wataalamu. Mimi naomba nafasi hii niandike juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni kabureta ya pikipiki. Na hasa ya zile pikipiki za zamani za majaribio. Naamini historia ya upande wetu huu imeandikwa humo ndani, kwa masizi, vumbi na kutu, kwa mtu anayejua kuisoma.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mashindano ya majaribio si ya mbio. Mpanda pikipiki hupita polepole juu ya mawe, matope na magogo, na kila anapogusa ardhi kwa mguu huhesabiwa kosa. Waskoti walianza majaribio yao ya siku sita mwaka 1909, na ya Scott kule Yorkshire yakafuata mwaka 1914. Pikipiki ya kazi hiyo huwa nyepesi, imeinuka tumbo, na injini yake lazima ikubali kwenda taratibu mno bila kuzimika. Vijana wanaobeba viroba vya mawe ya dhahabu kati ya machimbo ya Geita na vinu vya kusagia hushindana hivyo kila siku, ila hakuna mwamuzi wala kikombe.

Katika mashine zilizotumika kwa majaribio nchini Uingereza ilikuwamo BSA Bantam, ya sentimita za ujazo 123, iliyotoka kiwandani Birmingham mwaka 1948. Asili yake si Uingereza. Ni mchoro wa DKW RT 125 ya Ujerumani, uliochukuliwa kama fidia ya vita. Mchoro huo huo uliigwa na Warusi, na Yamaha wa Japani walipotengeneza pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955, nao waliufuata. Basi Yamaha AG100, ile ya mabwana shamba na wamisionari tangu miaka ya 1970, yenye vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, ni jamaa wa Bantam kwa upande wa babu. Wanafunzi mkumbuke hayo mtakapoambiwa kwamba Mzungu fulani au Mjapani fulani alibuni kila kitu peke yake.

Sasa kabureta. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa, takriban uzito mmoja wa petroli kwa uzito wa hewa kumi na nne na nusu hivi. Hewa ikipita kwa kasi katika koo lililobanwa, mkandamizo wake hupungua, nayo petroli hunyonywa kutoka katika bakuli kupitia tundu dogo la shaba tunaloliita jeti. Ndani ya bakuli kuna boya linalofungua na kufunga njia ya petroli, kama lile la tangi la maji. Juu kuna kizibo kinachopandishwa na waya wa mafuta, na chini ya kizibo inaning'inia sindano. Bantam ilitumia kabureta za Amal, kampuni iliyoundwa mwaka 1927 kwa kuunganisha watengenezaji watatu.

Ugonjwa wa kwanza wa kabureta hiyo katika nchi yetu ulikuja nayo melini, ingawa haukuwa kosa la mtu. Jeti ilipimwa kwa hewa ya Birmingham. Kahama iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako mkandamizo wa hewa umepungua kwa asilimia 13 hivi, na joto linaizidi kuipunguza uzito hewa hiyo. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima; inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea. Matokeo yake plagi huwa nyeusi ya masizi, moshi hujaa, na injini hukohoa mlio mmoja ndiyo mmoja siyo. Wengi hubadilisha plagi, wakabadilisha tena, wakalaumu koili. Dawa ni kuweka jeti kuu iliyo ndogo kwa namba moja au mbili, na kuishusha sindano kwa mfuo mmoja. Namba iliyochongwa kwenye jeti ya Amal si pambo: huonyesha kiasi cha petroli kinachopita kwa dakika moja, kwa hiyo ndogo ni ndogo kweli.

Ugonjwa wa pili ni vumbi, na huu ni wetu kabisa. Kiangazi cha Shinyanga kila mmoja wetu anakijua. Vumbi likipita kwenye chujio lililochoka, hukisaga kizibo cha kabureta na ukuta wake mpaka hewa ya wizi inapenya pembeni. Hapo pikipiki ya barabarani itaendelea kwenda bila mwenyewe kutambua, lakini ya majaribio itaumbuka, kwa sababu maisha yake yote hupita katika ile robo ya kwanza ya ufunguo wa mafuta. Mara injini inapanda yenyewe, mara inazima katikati ya jiwe. Ukiona hivyo, usiguse jeti kuu. Haihusiki hata kidogo katika mwendo huo. Tazama kizibo, tazama jeti ndogo ya mwendo wa taratibu, tena tazama uso wa kabureta unapokutana na injini. Bati la Amal ni laini, na mtu mwenye nguvu na spana ndefu hulipinda kwa kukaza mno. Hewa hupenya, mchanganyiko unakosa petroli, pistoni inapata moto na kukwama. Dawa yake ni kioo kilichonyooka na karatasi ya msasa laini: unausugua uso ule juu yake taratibu mpaka uwe bapa.

Ukaja wakati wa dhiki. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikawa haba. Wazee wenzangu hawahitaji kukumbushwa foleni za petroli, wala Jumapili ambazo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana. Vipuri havikupatikana mpaka milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984. Mafundi wa wakati ule hawakubadilisha boya lililotoboka. Walilitumbukiza katika maji ya moto, wakatazama viputo vinatokea wapi, wakalikausha, wakaliziba kwa tone la lehemu, dogo kadiri iwezekanavyo kwa sababu boya likiwa zito bakuli hufurika. Jeti iliyoziba waliipuliza kwa pampu ya baiskeli au kuipitisha unywele wa brashi. Fundi aliyechokoa jeti kwa waya wa chuma alijulikana mtaa mzima, na si kwa sifa, maana shaba ni laini na tundu likishapanuka limepanuka.

Petroli yenyewe nayo ina historia. Ilikaa katika mapipa, ikanywa maji ya mvuke wa usiku; tone moja la maji chini ya bakuli lazima injini isimame. Baadaye ukaja uchakachuaji, petroli ikachanganywa na mafuta ya taa yaliyokuwa na bei nafuu. Serikali ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya ujanja huo iondoke. Injini iliyokunywa mchanganyiko ule iligonga kama nyundo ikipanda kilima, na hakuna jeti ya kutibu jambo hilo. Ni kumwaga tangi zima tu.

Mwaka juzi ndugu mmoja wa rika letu alinipeleka bandani kwake, kando ya Kahama, nikaione Bantam ya marehemu baba yake. Ilikuwa imelala miaka mingi. Petroli ilikuwa imekwisha kukauka ndani ya bakuli, na mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa nayo, kama ilivyo desturi ya injini za namna ile, yalikuwa yamegeuka gundi ya kahawia. Kijana wake, dereva wa bodaboda, alikuwa amekwisha kukata tamaa. Lakini kabureta ya pikipiki yake mwenyewe anaifungua na kuifunga akiwa anaongea na simu! Nilimwambia aziweke mbili hizo juu ya gunia, ya Kichina na ya Kiingereza, aitafute kila sehemu ya hii katika ile. Bakuli, boya, sindano, kizibo, jeti mbili: vyote vipo. Hakuuliza tena swali.

Ujuzi huo ndio ninaouhofia. Ulaya, sheria za moshi zimekwisha kuiondoa kabureta katika pikipiki mpya, na petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta. Kwetu bado, ila itafika. Na wazee waliojua kuziba boya kwa lehemu wanapungua, wengi wao bila kuandika hata ukurasa mmoja. Shule yetu ina karakana, na vijana wengi hapo wana kaka au wajomba wanaoishi kwa bodaboda. Daftari moja la kuandika maneno ya mafundi hao halina gharama.

Ile Bantam tuliichemshia sehemu zake za shaba katika maji, tukazipuliza, tukapunguza jeti kuu kwa namba mbili na kuishusha sindano. Iliwaka kwa teke la tano. Baada ya kwenda nayo hadi karibu na uzio wa mgodi wa zamani na kurudi, plagi ilitoka na rangi ya biskuti, kama inavyotakiwa. Kizibo bado kimelika, kwa hiyo ikisimama huwa inapandisha na kushusha mlio. Kijana amepata fundi mchonga vyuma anayesema anaweza kukichonga kingine kwa shaba, na wamekubaliana bei.